Hotuba ya Kuzindua Ramani Ndani ya Kamera, Mlima Isangala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetuma salamu, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye bado yuko njiani kutokea Makongolosi, viongozi wa dini zote, wadau wa maendeleo, waongoza watalii, na mama zangu mliokuja na njegere mkidhani leo ni gulio (kicheko), itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, mimi, Dakta wa heshima Sifaeli Mwakatundu, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Njia za Mlima, nakiri kwa unyenyekevu mkubwa kwamba wazo hili ni langu. (Makofi.) Ndaga fijo, asanteni sana! Kwa miaka mingi mtalii amepanda mlima huu na ramani ya karatasi, mvua ikimkuta ramani inakuwa uji. Sasa, baada ya upembuzi yakinifu wa miezi kumi na minne, tumekuja na solusheni ya kidijitali, ambapo ramani inapigwa picha, inatunzwa ndani ya kamera, na mtalii akifika njia panda anaiwasha, anaizuumu, anaona kila kona, mchakato umekamilika. Asilimia tisini na saba ya wadau waliohojiwa, yaani mimi na wajumbe wenzangu, waliafiki.

Na kwa kuwa hatuwezi kuwa kidijitali huku tumeng'ang'ania mbao, vibao vyote vya njia tuliving'oa juzi, na ndivyo vilivyopika pilau mnayoinusa. (Vigelegele. Sauti ya mwanamke: "Baba, mume wangu yuko huko juu na wageni! Kwenye ukungu huwa anapapasa vibao!")

Nimekusikia, mama Sekela, kaa tu mama. Ni kweli ndugu Alinanuswe, mwongozaji wetu mahiri, alipanda asubuhi na wageni wawili, na ni kweli ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi, lakini tusiingize hisia kwenye masuala ya kitaalamu. (Minong'ono. Sauti: "Kamera wanayo?")

Swali zuri. Kamera ni hii hapa shingoni kwangu, na memori kadi yake imejaa picha mia nne na kumi za maandalizi ya uzinduzi, ambazo mimi nimo katika zote.

Nikisema ramani, mseme maendeleo! Ramani! (Sauti moja: "Maendeleo.") Kidijitali! (Watu wanageuka kutazama mlimani.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Junaid, mpiga picha za harusi, aliyetuazima kamera hii moja tuliyo nayo, ambayo anaihitaji saa nane kamili Mwanjelwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Alinanuswe, ambaye ndiye peke yake anayeijua njia, na ambaye ameridhia kwa moyo mkunjufu kwamba, akishuka, atakaa nasi atuchoree hiyo ramani. Asanteni sana.

(Mama Sekela amejifunga kanga kiunoni, anapanda mlima akiita jina la mumewe. Watu wanamfuata. Meza kuu inapiga makofi.)