Magitaa Pacha ya Ngowa wa Magongo

Ngowa wa Magongo hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Ngowa alifunguliwa mlango, akakaribishwa, akatiliwa chai, na alipotoka alisindikizwa mpaka njiani kwa dua. Watu waligundua walichouziwa kiasi cha wiki tatu baadaye, na kufikia hapo dua zilikuwa zimeshapaa, hazirudishiki.

Mwaka wa arobaini na saba, miezi michache baada ya ule mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa, alikuwa ameketi kwa muuza kahawa wa Magongo, kikombe cha tatu mkononi, cha bure kama viwili vilivyotangulia. Hapo akamsikia mchukuzi mmoja akisimulia kwamba huko Likoni Bi Mwanarehema, mkubwa wa kundi la ngoma za harusi, anatafuta gitaa. Si la kuchezea. Anataka gitaa la kumkosesha mtu usingizi. Kina mama wa kundi pinzani walileta kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja, katika harusi yao ya mwisho, wakamwimbia vijembe vya kumtoa machozi, na Jumamosi ijayo mpwa wake Bi Mwanarehema anaolewa.

"Ana pesa?" Ngowa aliuliza, akitazama upande wa barabara kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Ana minazi," mchukuzi akajibu. "Mwenye minazi ana pesa hata zile asizozijua."

Ngowa akaweka kikombe chini kwa heshima zote. Kuna watu husikia wito wa dini, wengine wito wa siasa. Yeye alisikia huo.

Sasa lazima magitaa ya Ngowa yaelezwe, maana yalikuwa mawili, na ndiyo yaliyokuwa shamba lake na ofisi yake.

La kwanza lilikuwa la kweli. Lilitengenezwa na fundi mmoja Mgoa wa kule kisiwani Mombasa, sasa marehemu, na Ngowa alilipata kwa njia ambayo marehemu yule, angekuwa hai, angependa sana kuelezwa. Kifua chake kilikuwa cha mwerezi, ubao mwembamba hata ukiugonga kwa kucha ulijibu. Mbavu na mgongo vilikuwa vya mninga, shingo ya mkangazi, na pale vidole vinapokanyaga nyuzi pamewekwa mpingo. Halafu lakiri, ile ya kung'arishia mbao. Mgoa aliloweka magamba yale mekundu yatokayo Bara Hindi ndani ya spiriti, akasugua kwa kifundo cha pamba mara arobaini, na kila mara alingoja ikauke kabla ya kupaka tena. Miezi mitatu! Gitaa likawa linang'aa kama asali iliyoona jua.

La pili lilikuwa pacha wake, na Ngowa alilizaa mwenyewe kwa siku nne, na kila alipouza moja akazaa jingine. Mbao zake ni za masanduku ya chai yanayotupwa bandarini. Rangi alipata kwa majani ya chai na dawa ya viatu, lakiri akaipaka mara tatu tangu asubuhi hadi adhuhuri, na ndani akagandisha kipande cha risasi ili uzito ulingane. Kwa macho, malaika angekosea.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mnunuzi alipewa la kweli alipige, aligonge, alibusu akipenda. Wakishapatana, Ngowa husema, "Nikufungie vizuri," akalivika kitambaa cha marekani, na mara kukawa na mafurushi mawili yanayofanana. Mnunuzi akaenda na sanduku la chai. Ngowa mwenyewe aliyatambua kwa pua tu: lakiri iliyopakwa haraka hunuka spiriti kwa wiki nyingi. Alama ni ushahidi, alikuwa akisema, lakini harufu haiitwi kortini.

Tena ijulikane kwamba lile la kweli alilipenda. Hana mke, hana shamba, meno mawili ya mbele hana. Alikuwa na gitaa. Na akilipiga, hata waliokuwa wanamtafuta kwa fimbo walisimama kwanza wasikilize.

Basi akavuka feri na mafurushi yake, kofia imeinamishwa upande mmoja.

"Hodi hapa! Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Bi Mwanarehema alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya mtu asiyepata kuambiwa mara mbili hapana. "Lakini mimi nilisema nataka gitaa. Mbona umeniletea mapacha?"

"Hilo jingine ni la bwana mmoja wa Nyali, ameshalipa. Nitampelekea nikitoka hapa."

Kwenye jamvi alikuwa amekaa Faki, kaka yake Bi Mwanarehema, mzee mpiga zumari ambaye siku hizi pumzi imempungua, na sasa alitengeneza tu vyombo vya wenziwe vilivyovunjika. Akalipokea lile la kweli, akaliinua sikioni, akaligonga kifuani kwa kidole. Ngoo, ngoo.

"Mbao gani hii?"

"Mwerezi wa Lebanoni, mzee wangu," Ngowa akasema, akishusha sauti. "Ule ule wa Nabii Suleimani. Kipande kilichobaki."

"Kumbe Nabii Suleimani aliwabakishia watu wa Magongo," Faki akasema. Akapiga uzi mmoja, akafumba macho, akamwambia dada yake, "Gitaa hili ni zima."

"Bei?"

"Kwa mwingine ni shilingi mia mbili. Kwako wewe, kwa vile umenitilia chai, mia."

"Chai hujainywa bado. Themanini, na uinywe."

Wakashikana mikono. Ngowa akanyoosha mkono kuchukua kitambaa. "Basi nikufungie vizuri..."

"Ngoja, mwanangu. Hakuna kitu kinachoingia harusini kwangu bila kufukizwa udi. Nguo za bibi harusi zimefukizwa, kitanda kimefukizwa, hata sufuria za pilau zimepitishwa moshini. Mwanasaumu!"

"Abee, shangazi!" akaitika mwanamwali kutoka ndani, ndiye bibi harusi mwenyewe.

"Njoo uchukue magitaa haya."

"Hilo la Nyali halihusiki, bibi," Ngowa akasema upesi.

"Astaghfirullahi! Liingie nyumbani mwangu kisha litoke linanuka jasho la feri? Mgeni wangu na mzigo wake ni kitu kimoja. Kunywa chai."

Magitaa yakaingia ndani. Yakakawia. Faki akamsimulia Ngowa kisa cha zumari yake iliyomezwa na ng'ombe, kisa kirefu, ng'ombe mwenyewe alikuwa mchache wa haraka. Hatimaye Mwanasaumu akatoka amebeba mafurushi mawili, kila moja limevikwa marekani na kufungwa, na nyumba nzima ikajaa moshi mtamu.

"Nyuzi nimezilegeza," Mwanasaumu akasema, "makaa yasije yakazikata. Na unisamehe, kaka, nimeyafunga yote mawili na sasa sijui lipi ni lipi. Yafanana kama mayai ya kuku mmoja."

"Mwenyewe ndiye ajuaye," Bi Mwanarehema akasema. "Nipe langu, mwanangu, kwa mkono wa kulia, na useme bismillahi."

Ngowa alitaka kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Miaka yote hiyo amehangaika kubadilisha mafurushi nyuma ya migongo ya watu. Leo anaombwa abadilishe yeye mwenyewe, hadharani, kwa jina la Mungu! Huku si kudanganya, huku ni kuitikia mwito.

Akainama kama anayekaza fundo. Furushi la kwanza: udi. Udi mtupu, udi hadi utosini. Jasho likamtoka kidogo. Akainamia la pili. Udi tena, lakini chini ya udi, kama panya chini ya mkeka, ilikuwepo spiriti, kali, tena bila haya.

"Bismillahi," Ngowa akasema kwa sauti nene, akalitoa furushi la spiriti.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanarehema akalipokea, akamlipa themanini zake palepale. "Mashahidi mpo? Ni yeye aliyenichagulia."

"Tupo," wakasema Faki na Mwanasaumu kwa pamoja.

Kwenye feri Ngowa alikuwa mwenye furaha kupita kiasi. Mama mmoja muuza mihogo akamwambia, "Kaka, mtu mwenye gitaa hanyamazi kwenye maji." Akaona si vibaya. Akafungua kitambaa, akakaza nyuzi, akapiga.

Ilitoka sauti kama ya mtu anayegonga ndoo kwa ndizi mbivu.

Ngowa akachungulia tunduni. Ndani, kwenye giza, kipande chake cha risasi kilimtazama.

"Ndiyo hilo tu?" mama wa mihogo akauliza.

Feri ilipofika ng'ambo, Ngowa hakushuka. Akarudi nayo Likoni, mguu ukitangulia na akili ikifuata nyuma. Kabla hajafika uani kwa Bi Mwanarehema aliisikia sauti ya mwerezi. Ilikuwa ikipigwa vibaya, lakini ni yenyewe. Angeitambua hata akiwa kaburini.

Aliyekuwa akipiga alikuwa Jefwa, msukaji makuti wa Mtopanga. Ngowa akamjua mara moja. Masika yaliyopita Jefwa aliuziwa pacha kama hilo, nalo lilipoona mvua ya kwanza lilipasuka katikati kama ukwaju.

"Bi Mwanarehema," Ngowa akasema, akihema, "pametokea kosa dogo. Mafurushi yamebadilishana."

"Yamebadilishanaje, mwanangu? Gitaa ulilonionyesha, Faki akaligonga, tukapatana bei, si ndilo hili?"

Hapa Ngowa akapiga hesabu. Akisema ndilo, basi limeuzwa. Akisema silo, ataulizwa lile lingine lilikuwa la nini. Hata yeye, aliyewahi kumuuzia askari baiskeli ya askari huyo huyo, hakuona njia ya tatu.

"Ndilo," akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi kosa liko wapi?"

"Lakini harufu," akalalamika. "Lilinuka spiriti!"

"Ya stovu," Mwanasaumu akasema. "Pacha nililifukiza mpaka harufu yake ikazama katika udi, na hili nikalipaka spiriti ndani, kupitia tundu, mahali ambapo ubao haukutiwa lakiri. Baba mkubwa Faki alinionya nisiguse nje, spiriti ingeila lakiri yote, na ingekuwa dhambi."

"Jefwa alipoleta vipande vya gitaa lake nimgandishie," Faki akasema, "alinieleza muuzaji alilinusa kabla ya kumkabidhi."

"Kama mtu anayechagua samaki," Jefwa akadakia. "Nikadhani ni adabu ya mafundi. Na yule mchukuzi uliyekaa naye pale kwa muuza kahawa, kaka, ni binamu yangu. Anakusalimu."

Ngowa akakaa kwenye ngazi. Hakuzifikiria zile themanini. Alitazama mwerezi ukimeta kwenye paja la mtu asiyejua kuushika, na kwa mara ya kwanza tangu apoteze meno uso wake ukakosa uongo wa kuvaa.

"Niuzieni tena," akasema. "Chukueni vyote nilivyo navyo."

"Haliuzwi," Bi Mwanarehema akasema. "Jumamosi litaizika kodiani ya watu. Baada ya hapo ni la Jefwa, haki yake."

Jefwa akaanza tena wimbo ule ule, akakosea pale pale. Ngowa akauma meno aliyobakiwa nayo. Wimbo ukaanza mara ya tatu, ukakwama mara ya tatu. Zilibaki siku nne tu kufika Jumamosi.

"Si hapo!" Ngowa akaruka. "Kidole cha pete, ndugu yangu, cha pete! Unamkaba maskini wa watu! Lete nikuonyeshe."

Jefwa akamtazama Bi Mwanarehema. Bi Mwanarehema akamtazama Ngowa, kuanzia kofia mpaka miguuni, akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Mfundishe. Utakula hapa, utalala kwa Faki. Mwanasaumu!"

"Abee, shangazi!"

"Mtilie mwalimu chai. Na viatu vyake vitie sandukuni, ufunguo uniletee mimi."