Bibi Mectilda Kaosha Makumbusho

Habari ilifika kwenye benchi la kahawa la Perpetua, nyuma ya stendi ya Mbulu, kabla hata kahawa haijachemka. Aliileta Breki, dereva bodaboda ambaye hajawahi kushika breki mahali popote, mdomoni ndiyo kabisa.

"Jamani, Bibi Mectilda kaosha makumbusho!"

"Kapiga deki?" akauliza Hansadi. Huyu ni mwalimu mstaafu, anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa na kila mtu, ndiyo maana haalikwi harusini.

"Deki gani! Kibuyu! Kile cha maziwa alichowapa watu wa makumbusho mwaka jana, wakakiweka kule nyumba ya zamani ya karani. Jana kaingia na chupa ya chai. Mlinzi akajua bibi wa watu kaja na chai yake, kumbe maji ya moto! Kakitoa kibuyu uani, kakisugua, kakipitisha kijinga cha moto, kakirudisha kinang'aa."

"Sasa kosa liko wapi?" nikauliza. "Mimi ningemwita aje na kwangu."

Hansadi akaweka kikombe chini, dalili kwamba somo linaanza. "Ule uchafu ndio uliokuwa mali. Wataalamu wanasoma humo maziwa ya miaka arobaini."

"Ya arobaini wanayasoma?" Perpetua akashangaa. "Mimi ya juzi tu nashindwa kuyanusa."

Tukiwa tunacheka akatokea Letisia, macho mekundu. Ni binti wa chuo, yuko field, mafunzo ya kazi, pale makumbusho. Kazi yake ni kuandika kila kitu kwenye daftari na kuhakikisha hakiguswi.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu Hansadi.

"Karibu kahawa, mharibifu wa urithi wa taifa," akadakia Breki.

"Kaka, usinicheke. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Bosi amegoma kugonga muhuri kwenye kitabu changu cha field mpaka kibuyu kirudi kilivyokuwa. Bila muhuri narudia mwaka!"

Perpetua akamsogezea kikombe cha kahawa.

"Tukichafue basi," akasema Breki. "Mimi grisi ninayo."

"Ya miaka arobaini?" Hansadi akamkata.

Bibi Mectilda mwenyewe akaingia na fimbo yake. Tukasimama wote, shikamoo zikamwagika.

"Marahaba. Nani anamliza mtoto wa watu?"

"Bibi, kwa nini hukuniambia?" Letisia akalia upya.

"Mwanangu, juzi niliwaleta wageni wangu kutoka Endagikot waone kibuyu changu. Nakuta masizi, nakuta harufu, na chini umeandika 'Mali ya Mectilda'. Wazungu wanapiga picha! Nimelea watoto tisa kwa kibuyu kile, hakuna aliyeharisha. Leo nife nikijulikana kwa uchafu?"

Kwa kweli nilimwonea huruma. Jina lako likiwekwa chini ya uchafu, na kwenye karatasi ya chapa, utalala?

Bosi Gidion akafika akihema. Muhuri anatembea nao mfukoni, haamini mtu.

"Shikamoo, mama. Vile vitu haviguswi! Uchafu ule ni kumbukumbu!"

"Marahaba. Basi nirudishie nikitumie. Njoo ukichukue baada ya miaka arobaini, nitakuwa nimekichafua vizuri."

Perpetua akacheka mpaka akamwaga kahawa. Bosi akakunja uso, lakini Bibi alikuwa hajamaliza.

"Tena ungenishukuru. Na kile cha pembeni nilikiosha, niliona aibu kumwacha mwanamke mwenzangu vile. Kile kiliniua mgongo! Yule mama alikuwa anakiosha na nini, maombi?"

"Cha pembeni kipi?" akauliza bosi.

Letisia akajibu kwa sauti ndogo. "Ni kile ulichokileta mwenyewe kutoka Gitting, bosi. Cha mama yako. Uliniambia jina lake niandike kwa herufi kubwa."

Wote tukaangalia vikombe vyetu. Breki akapaliwa.

Bosi akatoa muhuri. "Lete hicho kitabu."

Akakigongea juu ya goti, mara mbili, ukurasa ule ule. Letisia akamrukia Bibi shingoni, nusura waanguke wote wawili. Breki tayari alikuwa anawasha pikipiki ili Endagikot yote ijue kabla ya saa sita.

Sisi wengine tukaanza kutawanyika. Bosi akamvuta Bibi kando, asione kwamba mimi bado niko nyuma yake nafunga kamba za viatu.

"Mama," akanong'ona, "kesho asubuhi una nafasi? Pale ndani kuna na sketi ya ngozi ya mama yangu."