Taa yangu ilikonyeza mashofere

Rafiki yangu, weye nakuambiaka vyote, hata vile simwambiaka pasteri. Leo nimepata haya. Haya ya kweli, ile ya kutembea na kitenge juu ya kichwa wantu wasikutambue.

Unajua bwana yangu, Papa Furaha, iko Kolwezi mu migodi. Alienda kutafuta maisha, maisha ikamushika huko. Mara ya mwisho alitupigia na video. Furaha, binti yetu mukubwa, akageuza simu ili baba yake aone nyumba. Ilikuwa mangaribi. Baba akasogeza uso karibu ya simu. Kisha akasema, "Naona giza tu. Ni kama wantu walishahama."

Ile neno ilikataa kutoka mu kichwa yangu. Siye tuko hapa kila siku tunamungojea, na yeye anaona nyumba ya wantu walihama. Lakini ni kweli, barza yetu haikuwa na mwangaza. Saa ile anatokaka mu kazi na kupata rezo ya simu, minye niko sokoni ao mu masomo ya mangaribi, na watoto hakuna anayefikiria kubonyeza swichi. Njo nikasema: nitatengeneza taa inayojiwasha yenyewe giza ikiingia. Hata apige siku gani, akute nyumba iko macho.

(Usianze kucheka. Minye ni muntu wa kuuza ndagala, lakini mu ile masomo niko nafundishwa umeme. Niko mama peke yangu mule, na sijakosa hata mara moja.)

Mwalimu wetu anafundishaka vizuri. Iko kakarte kadogo, kenye akili kama kakompyuta, kanakulaka umeme mudogo kama wa simu. Iko kajicho, kanaangaliaka kama kuko mwangaza. Na katikati iko relé. Relé njo inafungua na kufunga njia ya umeme mukubwa wa nyumba. Karte inaiambia tu, yenyewe haigusi ile umeme. Ni kama muntu na mama mukwe wake: wanasikilizana, kila mumoja upande wake wa ukuta. Siku wakigusana, kitu kinaungua.

Leo asubuhi nikashika kazi. Umeme ulikuwa umekatwa kama kawaida yetu, lakini hata vile nikashusha disjoncteur, ile ya kukata nyumba nzima, juu ya vile mwalimu alisema umeme wa hapa Uvira unarudiaka bila kubisha hodi. Nikajaribu nyuzi na tournevis, ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani: hakakuwaka. Ule uzi wa phase, ule unauaka, njo nikapitisha mu relé. Nikafunga yote mu sanduku ya plastiki, hata kuku akilala juu hawezi kugusa kitu. Na kale kajicho? Watoto wasikavute, nikakabandika juu kabisa, pembeni ya ampule, ile balbu ya barza.

Karte nikaipa betri kwa muda, nikajaribu. Nafunika kajicho na mukono: tak. Natoa mukono: tak. Ampule yenyewe haikuwaka, juu umeme haukuwa, lakini relé ilikuwa inajibu kama mutoto wa shule. Nikamushukuru Mungu kwa vile alikata umeme nifanye kazi bila hatari. (Nilimushukuru na sauti kubwa. Ashukuriwe hata sasa.) Nikatoa betri, karte nikaiacha ku chaja, nikapandisha disjoncteur, nikaenda sokoni.

Mangaribi ilikuwa zamu yangu ya kupokea kikundi cha maombi. Mu nyumba joto na giza, njo tukakaa ku barza: viti vya plastiki, meza, masucré kidogo ya wageni, soda za machupa. Mbele yetu ni barabara ya kwenda mupaka, malori imepanga mulolongo. Mama Esperance, mukubwa wetu wa kikundi, akaanza kuomba. Mama Esperance akianza kuomba, weye sahau sufuria ku moto.

Tumefumba macho. Nikasikia mutaa wote unapiga kelele: umeme umekuja. Juu ya kichwa yangu: tak. Nikafungua jicho moja. Ampule imewaka. Roho yangu ikajaa. Nikasema mu moyo, Papa Furaha, ona.

Tak. Imezima.

Tak. Imewaka.

Tak. Imezima.

Nikaelewa palepale, rafiki. Kajicho kanaona giza, kanawasha ampule. Ampule ikiwaka, kajicho kanaiona, kanafikiri asubuhi imefika, kanazima. Ikizima, kanafikiri usiku umerudi. Na minye nilijaribu bila umeme! Hii ujinga ningeiona wapi?

Kusimama siwezi. Mama Esperance alikuwa amefika kwa wagonjwa, na nyuma ya wagonjwa kunakuyaka wasafiri, na mu wasafiri anamutajaka bwana yangu kwa jina. Minye nitoke wakati wanamuombea Papa Furaha? Nikafumba macho. Tak, tak, tak.

Sasa, hapa kwetu Kavimvira, nyumba gani inakonyezaka taa ku barabara mangaribi? Weye unajua. Nganda, nyumba ya pombe.

Wakaingia mashofere wawili, wanatoka Kamanyola na vumbi yao yote. Wakavuta viti, wakaketi karibu yangu. Walikuwa wantu wa adabu. Waliona wamama wamefumba macho, wanayumba kidogo, wakafikiri tumeshaanza zamani. Mumoja akaniinamia, akauliza polepole, "Mama patron, iko ya baridi?"

"Hapa ni maombi," nikamwambia chinichini.

Akamuangalia mwenzake. "Hakuna shida. Tutangojea mumalize."

Na ni saa ile Furaha akatoka mu nyumba na simu. Video. Baba yake. Na ameshaigeuza, juu alijua mama yake alitaka taa ionekane. Bwana yangu, kule Kolwezi, akaona: taa inakonyeza, meza na machupa, bibi yake katikati ya wanaume wawili.

"Mama Furaha," akasema, na simu iko na sauti ya juu kabisa, "umefungua nganda?"

Amina ya wamama ikakatikia njiani. Mama Esperance akafungua macho. Akaona mashofere. Akaona taa. Kisha akaniangalia minye, na ile kuangalia nitakufa nayo.

Ningeshusha disjoncteur, ingeisha. Mukono ulishaanza kwenda. Lakini nikishusha, yeye ataona nini? Giza. Tena giza.

Njo nikapanda ku kiti, nikainua mukono, nikafunika kale kajicho na kiganja. (Kako upande wa umeme mudogo, na sanduku imefungwa. Nilikuwa na haya, sikuwa na wazimu.) Ampule ikatulia. Barza yote ikawa nyeupe.

Nikabaki pale juu ya kiti, mukono juu, machozi inashuka. Wamama wakafikiri Roho imenishukia. Wakasimama wote, wakainua mikono. Shofere mumoja akainua wake. Mwenzake akatoa kofia.

Papa Furaha akacheka. Rafiki, ile kicheko sijaisikia tangu aende. Nilikuwa nimesahau inaanziaka wapi. Akacheka mpaka akajipangusa macho, na minye nikaona mvi ku ndevu zake, zile hakuondoka nazo.

"Usishushe mukono," akasema. "Baki vile. Nikuone."

Nikabaki. Halafu nikauliza mbele ya wote, mbele ya wamama na mashofere: "Utakuja lini?"

Akafungua kinywa. Rezo ikakatika. Uso wake ukabaki mu simu, kinywa wazi, jibu liko ndani.

Mukono sikushusha. Nilisema labda atapiga tena. Mama Esperance njo alinishika kiuno, akaniteremusha. "Dada," akasema, "inatosha. Mukono utakauka."

Sasa hivi nimeshusha disjoncteur, nimekahamisha kajicho upande mwingine wa ukuta, kasikutane tena na ampule. Nimeipandisha tena, nimejaribu na umeme wa kweli. Inawaka, inatulia.

Njo nakuomba, rafiki. Cheka, lakini cheka kidogo. Na hii habari usiilalie. Ipitishe kwa dada zako, kwa mashofere, kwa kila muntu anaelekea Kolwezi, mpaka imufikie Papa Furaha, juu rezo mpaka sasa haijarudi. Mumwambie taa haikonyezi tena. Na mumwambie niliuliza kitu, hakujibu.