Kiti cha Hermine

Jumatatu, 27 Oktoba

Wamenikalia meza. Meza yangu! Meza ya nne, dirishani, kando ya rafu ya magazeti. Nimeikalia kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Leo naingia Mkahawa wa Nussbaumer saa mbili na nusu kama kawaida, nakuta wasichana wawili na masanduku ya magurudumu wanapiga picha kahawa. Picha tu. Kahawa inapoa, wao wanaizunguka. Na kwenye kiti cha Hermine wameweka begi la mgongoni. Lina matope!

Kiti cha Hermine hakikaliwi. Mke wangu alipanda sabini na moja miaka saba iliyopita, mwezi huu huu. Ndivyo tunavyosema Vienna mtu akifa, maana tramu nambari 71 ndiyo inayokwenda makaburi makuu. Tangu hapo naweka kofia yangu ya kijani juu ya kiti chake, nakunywa kahawa yangu mkabala nayo, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu wa adabu walikuwa wengi zamani.

Leopold, mhudumu mkuu, kanijia na uso wa daktari mwenye majibu mabaya. Kumbe kuna kijana kaandika huko mtandaoni kwamba usipokaa meza ya nne kwa Nussbaumer hujafika Vienna. Sasa wageni wanapanga foleni mpaka kituo cha tramu. "Bwana Mkaguzi, leo nikuweke kule nyuma," akasema. Kule nyuma ni mlangoni mwa choo. Halafu akanimaliza kabisa: Bi Nussbaumer, mwenye mkahawa, ameamua kwamba kuanzia Novemba mosi meza ya nne ni ya wageni waliopiga simu mapema. Wageni tu. Novemba mosi ni Jumamosi hii!

Nimekunywa kahawa huku nikisikia watu wakivuta maji. Hawanijui hawa. Watanijua.

Jumanne, 28 Oktoba

Mpango: kuwahi. Mkahawa unafunguliwa saa moja. Nimefika saa kumi na mbili na dakika arobaini, baridi inang'ata masikio. Wa kwanza! Mlango unafunguliwa, naingia kifua mbele, na nani yuko meza ya nne? Wessely! Kaingilia mlango wa jikoni. Ati mpishi ni mtoto wa dada yake.

Huyu Wessely alikuwa karani wa kugonga mihuri. Lakini Leopold anamwita Mshauri wa Kasri. Kasri gani? Mfalme wa mwisho aliondoka zaidi ya miaka mia iliyopita! Sawa, na mimi naitwa Mkaguzi, na sijawahi kukagua hata yai. Niliendesha tramu miaka thelathini na nne. Hapa kwetu mhudumu wa mkahawa akikupa cheo hukikatai, unaacha bakshishi na kunyamaza. Ila changu kiko karibu na ukweli. Chake ni wizi mtupu.

"Umechelewa, Mkaguzi," akaniambia bila kuinua macho gazetini. "Kama tramu yako."

Mwavuli wake uliolowa alikuwa ameuegemeza kwenye kiti cha Hermine. Unachuruzika. Nilitaka kumtandika nao. Badala yake nikaagiza keki ya mbegu za mpopi, nikaila kwa hasira, mbegu zikaniingia chini ya meno ya bandia. Siku nzima nimelamba fizi.

Jumatano, 29 Oktoba

Akili! Bado ninayo! Kwa nini nigombanie meza wakati naweza kuondoa wagombea?

Saa tatu nimesimama kituoni, mbele ya foleni. Kofia ya kijani, koti safi, sauti ya mzee wa mji. Nikawaambia ndugu zangu, mmedanganywa. Vienna ya kweli haiko hapa. Pandeni 71 hii inayokuja, shukeni Lango la Pili, muulize walipo watunzi wa muziki. Nikawasisitizia wagonge tiketi zao kwenye kile kidude mlangoni, maana bila mhuri tiketi si tiketi. Wakanishukuru. Wakapanda wote, kumi na mmoja, wanapunga mikono. Watunzi wale wamezikwa huko. Nimewapeleka makaburini wazima wazima!

Nikaingia. Meza ya nne tupu. Kofia kwenye kiti cha Hermine. Kahawa ya maziwa, glasi ya maji, gazeti lote langu. Nje mvua. Nimemsomea Hermine habari za barabara ya kwetu inayochimbuliwa tena. Kimoyomoyo, mimi si mwendawazimu. Alikuwa akizipenda sana habari za barabara kuchimbuliwa.

Wessely kakaa karibu na choo. Nimemwinulia glasi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wamerudi! Si hao kumi na mmoja tu, wamekuja na wenzao. Wamefurahi! Mtu anapelekwa makaburini anarudi anacheka, huu ni ugonjwa gani? Ati hawajaona mahali pazuri kama pale. Ati wameona paa wakila maua ya makaburini. Ati kuna panya buku wa shambani, mashavu yamejaa, wanatafuna mishumaa ya marehemu. Na yule kijana wa mtandaoni kaandika tena: ukifika kwa Nussbaumer, muulize mzee wa kofia ya kijani.

Foleni imekuwa mara mbili. Nimechimba kaburi, nikaingia mwenyewe.

Niliacha kofia kitini, nikajificha chooni. Robo saa. Nilipotoka bila kofia, nisijulikane, nikasikia sauti naijua. Wessely amesimama kando ya meza ya nne, kavaa kofia ya kijani. YANGU! Kaitoa kwenye kiti cha Hermine! Anawaambia wageni yeye ndiye yule mzee. Mama mmoja wa makamo kutoka Porto, anaitwa Lurdes, kamuuliza mbona kofia inambana kichwa. Mshauri wa Kasri kajibu, ati akili nyingi.

Niliipokonya. Akasema, "Polepole, Mkaguzi, utapasua mshipa, na wewe 71 unaijua njia." Watu wakacheka. Leopold naye akacheka. Nilimwona, ingawa aligeukia keki.

Sikuitaka sifa ile hata kidogo. Lakini kama ni ya mtu, ni yangu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Siku ya mwisho. Ama zangu ama zake.

Nimevaa kofia yangu ya kazini, ya udereva, nembo nimeisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Nikasimama katikati ya mkahawa nikatangaza kwamba yule bwana ni tapeli, na leo mzee halisi atawaongoza yeye mwenyewe, kwa tramu, mpaka Lango la Pili na kurudi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Bi Nussbaumer akiona nilivyo na faida, meza ataniachia maisha.

Bi Nussbaumer akaitikia kwa kichwa kutoka kwenye sanduku la keki. Na Leopold, Leopold ambaye miaka thelathini na moja hajanipandisha cheo, akanifungulia mlango akasema: "Tafadhali, Profesa."

Profesa! Wessely alikunja uso kama aliyeuma limau. Nilishuka ngazi sizioni.

Tukapanda watu kumi na tisa. Nikawasimamia mmoja mmoja wagonge tiketi. Vizuri, mama. Hapo, kijana. Mhuri, mhuri, bila mhuri ni aibu. Tramu ikaondoka, nami nikaanza kuhutubia. Hatujapita vituo vitatu, binti mmoja aliyekaa kimya na kikapu cha sokoni akasimama, akatoa kitambulisho. Mkaguzi. Wa kweli.

Nikatoa kadi yangu ya mwaka kwa madaha. Akaitazama, akaigeuza. Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Babu, hii iliisha Oktoba, miaka saba iliyopita."

Kumi na tisa wanatazama. Wote wana mihuri.

Ni kweli. Nilikata tiketi gani mimi, na lini? Miaka thelathini na nne nilikaa mbele kule, dereva hahitaji tiketi. Kisha nikawa na kadi. Kisha tukamzika Hermine, na tangu siku ile sijapanda tramu. Nyumbani mpaka mkahawani ni hatua mia mbili. Ningeenda wapi?

Akaniandikia faini. Akasoma kwa sauti: Kratochwil Alfons, dereva mstaafu. Basi, uprofesa ukaishia hapo, haukufika hata kituo cha nne.

Tulifika Lango la Pili. Mama Lurdes akaniuliza kwa Kijerumani cha kuokoteza kama nina mtu wangu mle ndani. Nikasema mke. Akasema haya, twende kwake kwanza, watunzi wa muziki wanaweza kusubiri. Nikawaongoza. Kushoto, kulia, kushoto tena. Nusu saa. Saa nzima. Sikumpata.

Sikumpata Hermine! Nimeshusha maelfu ya wafiwa kwenye lango lile, kisha naondoka na tramu yangu. Langoni napajua, ndani sipajui. Na siku ya maziko nilitazama viatu vyangu tu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wageni wakaanza kukonyezana. Mmoja akauliza paa wako wapi. Nikawaambia mwongozo umekwisha, nikageuka, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mwendo wa saa mbili. Mvua njia nzima, na nililia, na mvua haikunisaidia kuficha kitu, maana Mama Lurdes alikuwa nyuma yangu hatua kumi kutoka langoni mpaka njia panda ya kwanza.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote. Leo Vienna yote inakwenda kuona wafu wake. Mimi huwa siendi. Huwa nasema pana msongamano.

Nimefika saa moja. Mezani pameshawekwa kibao: Imehifadhiwa. Leopold akaninong'oneza kwamba wageni wa saa nne wametoka Uholanzi, wanne, wakubwa wa miili. "Kaa mpaka saa nne kasorobo," akasema. Hakuniita Mkaguzi wala Profesa. Aliniita Alfons. Sikujua kama analijua jina hilo.

Nimeweka kofia kwenye kiti. Sikuwa na la kumsomea.

Saa tatu akaingia Mama Lurdes, viatu vimejaa tope. Kaamkia kule makaburini, kauliza ofisini, kampata. Akaweka karatasi mbele yangu: kitalu 88, mstari wa kumi na mbili, namba tano. Kisha picha. Jiwe halionekani, mmea mtambaazi umelifunika mpaka jina, limebakia "mine" tu. Mshumaa aliouwasha yeye. Na kando yake panya buku, amekaa kitako, anautafuna.

Akanishika bega. "Mzee," akasema, "mbona kiti kiko huku na mwenyewe yuko kule?"

Wareno hawana adabu. 

Kisha nikapata mpango. Mzuri kuliko yote! Kiti cha Nussbaumer ni cha mbao ya kupinda, chepesi. Nikakivisha koti langu, nikakikumbatia kama mgonjwa, nikaenda mlangoni. Wessely alikuwa kwenye foleni anawahadaa wageni, hakuona. Leopold aliona. Alitazama koti, akatazama miguu minne iliyochungulia chini yake. Akafungua mlango akaushikilia. "Msalimie bibi," akasema.

Tramu ya 71 imefurika. Mashada, maua ya krisanthemu, watoto, mbwa. Hakuna pa kukaa. Nikaweka kiti changu katikati, nikakikalia. Bibi mmoja akaniambia laiti naye angefikiria kuja na chake. Mara nasikia sauti ya upole: "Babu." Yule binti! Hata siku ya Watakatifu Wote!

Tiketi? Sikuwa nayo. Karatasi ya faini ya jana ndiyo iliyokuwa mfukoni. Nikamweleza kwamba nimekuja na kiti changu mwenyewe, sijakalia chao hata kidogo, tiketi ya nini? Tramu nzima ikaniunga mkono. Binti akaniandikia tu. Akauliza cheo. Nikasema Profesa. Akakiandika!

Kitalu 88, mstari wa kumi na mbili, namba tano. Nimeng'oa mmea ule kwa mikono mpaka jina lote likatoka. Hermine. Nikaweka kiti. Na hapo nikakwama: kiti ni chake, hakikaliwi. Nikaweka kofia juu yake kama siku zote, nikasimama. Nimesimama mpaka giza linaanza kuingia, nikimweleza yote, Wessely, mwavuli, Waholanzi. Magoti yananiuma vibaya. Kahawa hakuna, na hata ingekuwapo, hakuna pa kuiweka.

Panapungua meza tu.

Meza ya nne ni ya marumaru, mguu wa chuma. Nzito, lakini ina mahali pa kushika. Jumatatu alfajiri, mlango wa jikoni, mpishi nitamwambia nimetumwa na mjomba wake. Kisha 71. Tiketi sinunui. Nani atamkagua mtu aliyebeba meza?