Walipishana Mpaka Wakagongana

"Meli mbili imegongana," alisema Redio kabla hata ya salamu. "Mchana. Jua iko juu. Katikati ya bahari."

"Barabara ilikuwa na mashimo?" akauliza Mama Tangawizi bila kuinua macho kutoka kwenye birika.

"Bahari, Mama. Maji tupu. Ukisimama hapa Koboko, maji inaanza kwa miguu yako, inafika Kampala, inapita, hata nyumba moja huoni. Na wao iko wawili tu. Wamekosa pa kupita."

"Watu wamekufa?"

"Hata mmoja. Meli moja imebonyea pua, ingine ubavu."

"Basi tucheke bila dhambi," akasema Mama Tangawizi, akammiminia kikombe.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi hapa Koboko, kona ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudani, pale njia ya Lobule inapoachana na lami, mbele ya kibanda cha kuziba pancha. Kuna mabenchi mawili, moja la kukaa na moja la kubishania. Redio, ambaye kwao anaitwa Zubeiri, hulala na kiredio sikioni na huamka akiwa amekasirishwa na nchi asizozijua. Mama Tangawizi ni Shamirah, mwenye kahawa. Tangawizi anayotia humo imewahi kumfanya polisi akiri kosa ambalo hakuulizwa. Pembeni yake alikaa Anguyo wa Dadamu, tunayemwita Tagi. Alikaa Mombasa miaka miwili akipika chai ndani ya tagi, ile boti ndogo inayovuta meli kubwa kuingia bandarini. Hakuwahi kwenda mbali kiasi cha kupoteza nchi kavu machoni, lakini alirudi na kofia ya nahodha. Mimi sina jina la utani kwa sababu mimi ndiye ninayeyatoa.

Wa tano alikuwa Siraji Breki, wa bodaboda. Alivaa kanzu nyeupe ya sala ya mchana, akakaa kwenye ncha ya benchi, hajaegemea kitu, kama yai.

"Hizo meli," akauliza Siraji polepole, kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari kuhusu ugonjwa wa rafiki yake, "nani alitakiwa kupisha?"

Tukatazamana. Koboko nzima ilijua kwa nini anauliza.

Jumanne iliyopita, kwenye njia nyembamba ya Lobule, Siraji na pikipiki yake waligongana uso kwa uso na Mzee Lako na baiskeli yake. Mzee Lako anakaa upande wa Kongo. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga jerikeni la mawese na, juu yake, kanzu mpya ya shughuli. Hakuna aliyeumia isipokuwa kanzu. Ilitoka hapo nyekundu kama imechinjwa. Hiyo shughuli yenyewe ilikuwa ya Siraji: Jumapili watu wake wanakwenda kumposa Medina, na Mzee Lako ni kaka wa mama yake Medina. Katika ukoo ule mjomba asipokaa kitini hakuna mdomo unaofunguliwa, hata wa kula.

Mzee alirudi kwake na baiskeli iliyopinda, akatuma neno: "Huyu kijana hajui kupisha mutu. Aseme mbele ya batu kwamba alikosa, nitakuja Jumapili. Asiposema, nitabaki kwangu." Leo ndiyo siku aliyosema atapita kijiweni kusikiliza jibu.

"Mimi nilimpisha," akasema Siraji kwa mara ya mia tangu Jumanne.

"Ulimpisha mpaka ndani ya baiskeli yake," akasema Redio.

"Nilimpisha. Nilitoka njiani kabisa, nikakanyaga mihogo ya watu."

"Na yeye alikufuata kwa mihogo akugonge? Mzee wa miaka sabini?"

"Ndiyo kitu sielewi."

"Sema tu 'nimekosa,'" akasema Mama Tangawizi. "Neno moja. Haina mfupa."

"Mama, nikianza ndoa kwa kukubali kosa si yangu, nitakubali ngapi?"

"Yote," akasema Tagi. "Hiyo ndiyo ndoa. Nilidhani unajua unakoenda."

Tagi akavua kofia, akaifuta, akairudisha. Hiyo ni dalili kwamba bahari inakaribia. Akachukua vikombe viwili, cha Redio na changu, akaviweka benchini.

"Sikiliza. Bahari iko na sheria. Meli yangu na yako zikikatana njia, yule anaona mwenzake kwa mkono wa kulia, huyo anapisha. Yule mwingine hapishi. Anashika njia yake, mwendo ule ule, hata kama anatetemeka."

"Asipishe? Hata kidogo, kwa heshima?"

"Kwa heshima ndiyo unagonga mtu. Ukiwa na haki ya njia, kazi yako ni kunyooka. Ili mwenzako akupime vizuri anapokukwepa."

"Na mkubwa?" akauliza Redio. "Meli ya mheshimiwa, ile iko na king'ora?"

"Hakuna king'ora. Meli ya injini inapishia ya tanga. Yenye usukani mzima inapishia ile imeharibika usukani, inayumbayumba tu."

"Ngoja." Redio akazima kiredio, jambo alilolifanya mara ya mwisho alipooa. "Unasema mwenye nguvu anapishia dhaifu?"

"Imeandikwa."

"Na yule anayumba, wote wanampisha?"

"Wote."

"Kama Obitre, mlevi wetu, akitoka kilabuni," akasema Mama Tangawizi.

"Sasa hiyo bahari iko wapi?" akauliza Redio. "Mimi nahamia. Hapa juzi gari la mkubwa fulani limenitupa kwa mtaro mimi na mkungu wangu wa ndizi, halafu askari wake ameteremka kuuliza kwa nini mtaro iko na mtu."

Tagi hakutaka kuteremshwa kutoka baharini. "Tena iko honi. Honi moja fupi: naenda kulia. Mbili: naenda kushoto. Tano za haraka haraka: sikuelewi, unafanya nini wewe."

"Hiyo ya tano ningempigia baba watoto tangu tuoane," akasema Mama Tangawizi, akagonga birika kwa kijiko, tano, kujaribu. Mbuzi wa jirani akakimbia.

"Lakini wakikutana uso kwa uso?" Siraji alikuwa amesogea sasa, amesahau kanzu. "Kama mimi na mzee. Sheria inasema nini?"

"Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Kila mtu anaenda kulia kwake."

"Kulia?"

"Kulia."

Redio akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Kulia ni Kongo. Kulia ni Sudani. Uganda tunapita kushoto. Kumbe bahari yote ni ya Kongo na hatukuambiwa."

"Ndiyo maana ni kubwa," akasema Mama Tangawizi.

Siraji hakucheka. Alivuta vikombe viwili mbele yake, akaviweka vikitazamana. "Hiki ni mimi. Natoka Koboko. Hiki ni mzee, anatoka kwake. Naona mtu mkubwa, mjomba wa watu. Nampisha. Naenda wapi?"

"Kushoto," tukasema.

Akasogeza kikombe kushoto. "Na mzee anaona kijana na pikipiki. Anaogopa. Anapisha. Kwao wanapita..."

Hakumaliza. Alisogeza kikombe cha mzee kulia kwake mzee. Vikombe vikagongana, kahawa yangu ikamwagika kwenye benchi, na hakuna aliyenihurumia.

Tulivitazama vile vikombe. Kushoto kwa mmoja ndiko kulia kwa mwenzake. Walikuwa wamepishiana shamba moja la mihogo.

"Nimekaa Koboko miaka hamsini," akasema Redio. "Sijawahi kuona heshima inavunja spoki."

"Sasa hakuna mwenye kosa," nikasema.

"Iko," akasema Mama Tangawizi. "Mzee amesema anataka neno 'nimekosa.' Hakusema anataka vikombe. Siraji, utamwambia nini, 'mzee, keti nikuoneshe bahari'? Atarudi kwake kabla hujafika Mombasa."

Siraji akakuna kichwa. "Sitasema na mdomo kwanza. Nitamwonesha na miguu. Akija, nitamwendea njiani. Tukikutana nampishia kwa sheria yake, naenda kulia. Ataona mwenyewe kwamba huyu kijana anajua kupisha."

"Kulia ni mkono gani?" akauliza Redio.

"Wa kula."

"Usisahau ukiona mzee. Wewe ukiogopa hata breki unasahau."

Siraji akasimama kufanya mazoezi mbele ya kibanda. Hatua tatu, kulia. Hatua tatu, kulia. Tagi alimsahihisha kama anaingiza meli bandarini. Mtu aliyepita na bodaboda alipunguza mwendo, akatuuliza huyo ndugu yetu ameanza lini.

Mara Mama Tangawizi akasema, "Huyo."

Mzee Lako alikuwa anakuja kwa mguu, anaikokota baiskeli. Gurudumu la mbele bado lilikuwa na wasiwasi. Nyuma alifunga jerikeni lingine la mawese, zawadi ya kumpelekea dada yake, mama yake Medina, limezibwa kwa gunzi la mahindi. Pale alipofika, njia inabanwa: upande mmoja mtaro, upande mwingine matofali ya jirani aliyeanza nyumba zamani na kuishia kwenye matofali.

Siraji akapangusa kanzu, akamwendea. Alitembea vizuri, kichwa chini, mikono mbele, mkwe kamili. Walipobakiza hatua nne akahamia kulia kwake, wazi kabisa, kiasi kwamba hata mbuzi angeelewa.

Mzee Lako akahamia kushoto kwake.

Wakasimama pua kwa pua.

"Ametoka wapi na kushoto?" Tagi akanong'ona, amekasirika kama nahodha aliyedanganywa na ramani.

Siraji akaona amekosea, akarudi kushoto haraka. Mzee naye akaona amekosea, akarudi kulia haraka. Pua kwa pua. Kulia, kushoto. Kushoto, kulia. Baiskeli ikawa inacheza kati yao kama bibi arusi asiyejua wimbo.

Mama Tangawizi hakuvumilia. Akagonga birika kwa kijiko mara tano, haraka haraka. Wote wawili wakashtuka, wakaja mbele kwa pamoja. Gunzi likaruka. Kanzu ya Siraji, ile iliyokaa kwenye ncha ya benchi asubuhi nzima bila kuegemea kitu, ikapokea mawese kuanzia kifuani mpaka magotini.

Redio akapapasa kiredio kitutoe aibu. Kilikuwa kimezimwa, bahati mbaya.

"Kijana," akasema Mzee Lako. "Nani alikufundisha kwenda kulia?"

"Ni Tagi, mzee. Sheria ya bahari. Nilitaka kupisha vile nyinyi munapisha."

Mzee akaegemeza baiskeli kwenye matofali, taratibu. "Mimi jana nimeuliza mwalimu mumoja kwetu. Ameniambia, Uganda batu banapita kushoto, huyo kijana alikupisha, wewe mwenyewe ulimufuata. Sikulala. Nimekuja leo kusema mbele ya batu: mimi nilikosa. Na nimekuja kushoto, uone nimejifunza."

Mama Tangawizi akaweka birika chini. Siraji alifungua mdomo, na sisi wote tulijua kitakachotoka, tukatamani awe na breki mara moja tu maishani.

"Hapana mzee," akasema. "Mimi nilikosa."

"Hapana, mimi."

"Haiwezekani mzee akose. Mimi."

"Nimesema mimi. Nimetembea toka asubuhi na hiyo kosa, sasa unataka kuninyang'anya?"

"Wanaanza tena," akasema Redio. "Mama, chukua kijiko."

"Siraji," Tagi akaita kutoka benchini, "nyooka. Mwenzako anapisha. Shika njia yako, usiguse usukani."

Siraji akafunga mdomo. Ilimchukua nguvu. Mzee Lako akangoja kidogo, akaona hakuna kinachokuja, uso ukamlegea.

"Muzuri," akasema. Akaitazama kanzu ya Siraji, ikilingana rangi na ile yake iliyolala nyumbani. "Hiyo usifue. Na yangu haijatoka. Tutavaa hivyo hivyo Jumapili. Batu batasema ni sare."

"Mzee utakuja?"

"Nitakuja. Nitakaa kwa kiti, na mdomo zitafunguliwa. Lakini Jumapili ukiniona njiani, wewe simama kama mti. Usinipishe."

"Sawa, mzee."

"Hata kwa heshima."

"Hata kwa heshima."

Mzee akaziba jerikeni kwa gunzi, akashika usukani, akasukuma baiskeli aende kwa dada yake. Siraji, mtiifu, alikuwa amesimama palepale katikati ya njia, mikono mbele, kama mti. Gurudumu likamgusa magoti. Mtaro huku, matofali kule. Mzee akangoja. Siraji hakutikisika.

"Nimesema Jumapili," akasema Mzee Lako. "Leo nipishe."

Siraji akageuza shingo, akatutazama sisi tuliomlea.

"Upande gani?"

Redio na mimi tukasema kushoto. Tagi akasema kulia. Mama Tangawizi akachukua kijiko.