Dakika Kumi na Moja Hewani

Jumatano, 5 Juni

Imetangazwa! Jumamosi asubuhi klabu nzima kiwanjani, na jina langu limo kwenye orodha ya warushaji. Si kamba. Kurusha! Mwenyekiti mwenyewe (mkunga mstaafu, mikono yake haijatetemeka tangu azaliwe) amenipigia dukani nikiwa nasaga lenzi ya miwani ya mteja. Furaha ikanizidi, nikaisaga kupita kiasi. Nimeitia kwenye fremu hivyo hivyo. Huenda hataona.

Nieleze, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri. Ndege zetu ni ndogo, hazina injini. Mbao nyepesi, karatasi ngumu, mabawa marefu. Mtu mmoja anakimbia na kamba kuipandisha, kama anayerusha kishada. Ikifika juu kamba inachomoka, na mwenye ndege anaiongoza kwa rimoti. Ikipata hewa ya joto inayopanda, inakaa. Isipoipata, inarudi nyumbani. Anayekaa hewani dakika tano na kutua ndani ya duara la chokaa anavishwa fulana ya buluu, mgongoni RUBANI. Ambaye hajaweza anakimbia na kamba za wenzake.

Nimekimbia na kamba mwaka mmoja na nusu. Muda wangu mrefu kuliko wote hewani: sekunde arobaini na moja.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi friji, alijiunga miezi saba baada yangu. Fulana anayo. Anaivaa hata akija kula kwetu! Mwenyekiti amesema nikishindwa safari hii, nitarudi kwenye kamba mpaka mwaka ujao. Magoti yangu hayataki. Moyo wangu ndio kabisa. Tena mke wangu anakuja kutazama. Nilimwambia kuvuta kamba ni cheo. Akasema ndiyo, ndiyo, mume wangu. Sikuipenda ile ndiyo ya pili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata akili!

Tunarusha wawili wawili, na kura imetuangukia mimi na Shemeji. Mshika saa ni Kinyozi, ana saa mbili za kuhesabia, moja kila mkono, na shingo yake huchoka upesi. Sasa: ndege ya Shemeji ni nyeupe, ncha za mabawa nyekundu, mistari miwili ya buluu mkiani. Yangu ni kahawia. Je, kama yangu nayo ingekuwa nyeupe, ncha nyekundu, mistari miwili ya buluu? Itakayoanguka mapema nitasema ni ya Shemeji. Itakayobaki juu, yangu. Ubishi nitaumaliza kwa sauti. Nina sauti.

Nilikwenda karakanani kwake kuomba rangi. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nikamwambia ndege yake ni nzuri kuliko zote, natamani yangu ifanane nayo. Akajifuta mikono. Akasema tangu amjue mume wa dada yake hajawahi kusikia neno zuri kama hilo. Akanipa mkebe mzima wa rangi nyeupe ya milango ya friji, nyekundu na buluu kidogo, na brashi, na akanielekeza namna ya kuchora mistari kwa kubandika utepe wa gundi ili isipinde. Nilijisikia vibaya kwa muda wa hatua tano hivi. Kisha nikafika barabarani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepaka rangi kwenye chumba cha nyuma cha duka tangu asubuhi. Ni pacha! Mama mzazi wa ndege hizo asingezitofautisha.

Yule mteja amerudi. Anasema kila ngazi inamjia usoni. Nimemwambia macho yanazoea. Amesema yamekataa. Nitasaga upya.

Kanuni ya klabu inataka kila ndege iwe na namba ya simu ya mwenyewe chini ya bawa. Nimeandika yangu kwa kalamu nyembamba, tarakimu ndogo kama siafu. Sivunji kanuni. Naipunguza tu. Shemeji ameandika FUNDI FRIJI tumboni, yeye na matangazo yake, lakini ndege ikishakuwa juu nani anasoma?

Mke wangu ameona wekundu kwenye kiwiko changu. Nikasema nimejikata. Akaleta bandeji. Nimekula chakula cha jioni nikiwa nimefungwa mkono, naye akinikatia nyama. Simlaumu. Ananipenda.

Jumamosi, 8 Juni

SIKU YENYEWE! Nitafuata mpangilio.

Saa mbili tulikuwa kiwanjani. Nyasi zina umande, ndege kumi na sita zimepangwa juu ya mashuka, watu wanacheka kwa sauti, kila mtu anajaribu rimoti yake na mikia inapigapiga. Mwenyekiti akarusha nyasi kavu hewani kupima upepo, akasema tulivu. Mwewe wawili walikuwa wanazunguka juu ya ukingo wa kiwanja bila kupiga bawa. Kila mtu akaonyesha kidole: hewa inapanda pale! Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga.

Shemeji alipoiona ndege yangu alinikumbatia mbele ya watu. Mwenyekiti alizitazama zote mbili, akanitazama mimi, akauliza kama nina hakika. Nikasema ni heshima kwa familia. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, anatazama kiwiko changu. Bandeji nilikuwa nimeihamishia mkono mwingine kwa bahati mbaya.

Saa tatu na dakika kumi, filimbi. Wavuta kamba wakatimua mbio, ndege zikapanda pamoja, kamba zikachomoka. Yangu ilikuwa kushoto! Kisha zikapishana. Kisha jua likaingia kati, nikapepesa macho. Kisha kulikuwa na ndege moja nyeupe chini ya mwewe, na nyingine sikuiona, wala sikuitafuta, kwa sababu ile ya chini ya mwewe ilikuwa inapanda.

Inapanda! Mimi! Nikasukuma kushoto kidogo, ikazunguka kushoto. Utiifu ulioje! Mara moja nilisukuma kulia nayo ikaenda kushoto, nikajua ni upepo. Dakika tatu. Dakika tano! Nikasikia Kinyozi anaita dakika tano, na mwili wote ukanisisimka. Nilimsahau Shemeji. Niliisahau njama yenyewe. Sikuihitaji tena! Nilikuwa narusha kwa haki, kwa kipaji, kumbe kipaji kilikuwepo siku zote chini ya rangi ya kahawia. Dakika nane. Machozi yananitoka, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Dakika kumi nikaanza kuishusha, taratibu, raundi pana, nayo ikashuka taratibu, raundi pana, ikatua katikati ya duara la chokaa bila hata kuyumba.

Dakika kumi na moja! Watu wakashangilia. Nikatupa rimoti nikakimbilia duarani. Nikaishika bawa la kulia.

Bawa la kushoto lilikuwa limeshikwa na Shemeji.

Tukatazamana. Akaniuliza kwa upole kama nataka kumbebea. Nikamwambia hii ni yangu. Akasema ni yake. Hapo nikatoa ile sauti. Nikapaza, nikapaza, klabu yote ikatuzunguka. Mwenyekiti akainama, akaigeuza ndege, tumbo juu. FUNDI FRIJI.

Kisha Mwenyekiti akauliza, bila ubaya wowote, yangu iko wapi.

Watu wote wakatazama juu. Hapakuwa na kitu. Hata mwewe walikuwa wameondoka. Kinyozi akakiri kwamba tangu dakika ya nne alikuwa anaona moja tu. Alidhani zimefunikana, kwa hiyo alizisimamisha saa zote mbili pamoja.

Jumapili, 9 Juni

Kauli ya Mwenyekiti: kamba mpaka mwaka ujao. Ameitoa mbele ya wote.

Shemeji amekuja. Nikafungua kinywa kumwambia ukweli kuhusu rangi. Akanizuia, akasema ameshaelewa tangu niliposhika bawa, na alicheka mpaka mbavu zikamuuma, ila mkebe nirudishe. Nimerudisha. Tumekwenda kuitafuta ndege yangu, sisi wawili na mke wangu, vichakani, mitaroni, juu ya mapaa. Hatukuipata.

Njiani mke wangu amesema tangu siku ya harusi yetu hajaniona na uso kama ule wa jana. Nimelazimika kutazama mtaro. Inaniuma, nakiri. Dakika kumi na moja nilikuwa rubani, na sikuwahi kufurahi hivyo maishani mwangu.

Jumanne, 11 Juni

IMEPATIKANA! Mlinzi wa kiwanda cha matofali amepiga simu dukani. Ndege anayo tangu Jumamosi, lakini namba aliweza kuisoma leo tu, baada ya kuazima miwani ya mhasibu. Imetua yenyewe kati ya safu mbili za matofali. Haina hata mkwaruzo!

Huyu ni mlinzi makini. Kila kinachoingia anaandika. Nimekisoma kitabu cha getini kwa macho yangu: Saa 3:53, ndege moja nyeupe, imeingia bila kibali, mwenyewe hayupo.

Tuliachia kamba saa 3:10. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa kikokotoo. Dakika arobaini na tatu! Rekodi ya klabu ni thelathini na nane, na anayeishikilia ni Mwenyekiti!

Nimefunga duka mapema, naandika barua rasmi kwa kamati. Nadai fulana, rekodi, na kuondolewa kwenye kamba. Duara la chokaa halikuwepo kiwandani, hilo si kosa langu. Mlinzi amekubali kuwa shahidi. Mke wangu amesoma barua begani mwangu, akauliza nani hasa alikuwa anairusha muda wote huo.

Nimemwambia ni mimi. Rimoti ilikuwa mikononi mwa nani? Nilikuwa tu natazama kwingine.