Vita vya Awadhi na Laptop Isiyoota Majani

Sogeeni, enyi wazazi mlio na vijana, nanyi vijana mlio na bisibisi! Ipueni sufuria isije ikaungua, mkae mtege masikio, kwani nawaletea habari ya Awadhi bin Sadala, simba wa Sindeni, mfunguaji wa vilivyofungwa, mwanangu wa kwanza kumzaa na wa kwanza kunipandisha presha. Naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ili wasomao waogope mapema.

Jueni ya kuwa nyumbani kwetu palikuwa na laptop kongwe, yenye ufa ubavuni, iliyopoteza vitufe kama bibi apotezavyo meno. Ndani yake zilikaa picha zote za arusi ya binti yangu Zamda, wala hazikuwa mahali pengine popote duniani, maana simu iliyozipiga ilitumbukia chooni kabla mapambo hayajaondolewa. Kwa hiyo niliitunza kama yai. Niliifunika kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua mekundu, kama tunavyofunika redio na televisheni, hata ikiwa imewashwa, nikaacha kioo tu.

Awadhi naye aliitumia kuchezea mpira wa kwenye kioo. Ndipo siku moja akaja Dennis, kijana wa jirani, mwenye ulimi wa pilipili, akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Awadhi ndugu yangu, hawa ni wachezaji au viazi? Hawana nyuso! Na uwanja gani huu hauna majani? Mbuzi wa kwetu angekufa njaa hapo."

Lo! Shujaa akasimama, akapiga kifua, sauti ikatetemesha vikombe.

"Dennis! Naapa mbele ya mama yangu aliyenizaa, majani yataota! Nitaipa mashine hii kadi mpya ya picha, kadi yenye nguvu, hata jasho la golikipa utaliona likidondoka!"

"Na picha za arusi?" nikauliza.

"Mama, hazitaguswa."

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu redio ya baba yako."

Akaanza kutafuta bisibisi, kama mashujaa wafanyavyo wakiulizwa habari za redio.

Akauza mahindi yake, akapanda pikipiki kwenda Korogwe, akarudi jioni amekumbatia kadi kama mateka wa vita. Ilikuwa nene kama tofali, ina feni mbili za kwake yenyewe. Akaiweka kando ya laptop. Tukatazama kadi, tukatazama laptop. Ilikuwa sawa na kutaka kumlaza ng'ombe kwenye kitanda cha mtoto. Ilikuwa kadi ya kompyuta ya mezani, na simba wa Sindeni hakupima. Wazazi, lishikeni hilo: hakupima!

"Labda tuikate kidogo pembeni," akasema Dennis.

Nilipomwona mwanangu anaitafakari rai hiyo, kulipokucha nikavaa baibui, nikaipakata laptop, yeye akabeba kadi, tukaenda wote wawili Korogwe kwa fundi Nicolaus, mwenye meza yake karibu na stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Humo ndani yumo binti yangu."

"Binti yako?"

"Picha zake za arusi. Ukizipoteza itabidi aolewe upya, na mume mwenyewe hata mara ya kwanza alisukumwa."

Nicolaus akataka kuzinakili kwanza. Laptop ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikapata moto, ikazimika. Akajaribu tena, ikazimika. Moyo wangu nao ukazimika.

"Kaka," akamwambia Awadhi, "kwenye laptop hii kadi ya picha haibadilishwi, imeungwa kwenye ubao wenyewe. Inaazima kumbukumbu ya mashine. Niachie tofali lako, nikupe ramu, yaani kipande cha kumbukumbu, hiyo ya ndani ipate pa kuazima. Ila kwanza nifungue nione kinachoikaba."

Akafungua. Nikasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nilizotunga palepale. Nicolaus akaingiza kibanio kwenye feni, akavuta, akavuta, kikatoka kidonge cha nyuzi kama kiota cha ndege, nyeupe na nyekundu.

Awadhi akanitazama. Mimi nikatazama barabara. Pikipiki zilikuwa nyingi sana siku hiyo.

Ramu ikaingia, feni ikapumua, kitufe kikabonyezwa. Giza. Awadhi, yule yule aliyetetemesha vikombe, akanishika mkono kama siku ya kwanza ya shule.

"Mama, kama zimepotea nisamehe."

"Nyamaza, mwanangu. Subiri."

Mwanga ukaja. Na katika mwanga huo Zamda akatokea na hina zake, ushungi umemwendea upande, amenuna kwa sababu ya viatu vilivyombana. Nikapiga vigelegele pale stendi, makonda wakadhani nimepata abiria. Picha zikanakiliwa kwenye flashi, nikaifunga pindoni mwa kanga.

Usiku ule Dennis akaitwa. Mpira ukafunguliwa. Nyuso, kusema kweli, bado zilikuwa na uviazi. Lakini chini ya miguu yao palikuwa kijani, jani kwa jani. Dennis akasogeza pua kwenye kioo, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, nimekubali."

Basi na ijulikane Sindeni na Kwamsisi, na Makuyuni wasikie: katika kiangazi kilichokausha hata migomba, majani yaliota ndani ya nyumba ya Sadala bila tone la mvua, na bibi arusi akarudi kutoka vitani mzima, amenuna vilevile.